UZI: Mitoki (tezi) kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Kupapasa, kupima, kusubiri, na lini usisubiri

TabibuWaWodi (mleta uzi)

Salaam wakuu. Maswali ya mitoki ya watoto yametawanyika kwenye nyuzi za homa, za meno na za kifua kikuu, na majibu mengi yanaishia "mpe amoksi" (antibayotiki ya amoksilini). Tuyaweke mahali pamoja. Nazungumzia mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, umri ambao karibu kila mafua ni mageni kwa mwili wake, kwa hiyo tezi zake hazipati likizo.

Kwanza tukubaliane: tezi kupapasika si sawa na tezi kuvimba. Mtoto mwenye afya njema, hasa mwembamba, ukimpapasa shingoni utakuta vitezi vinavyoteleza chini ya kidole. Shingoni na kwapani, hadi sentimita 1 ni kawaida. Kinenani, hadi sentimita 1.5. Kwa ndani ya kiwiko, ikizidi nusu sentimita ni kubwa. Juu ya mtulinga, pale kwenye kishimo kati ya shingo na bega, hakuna ukubwa wa kawaida. Hata iwe punje, mtoto aonwe na daktari.

Pili, na ndiyo sababu ya uzi wote huu: mara nyingi tezi haiumwi yenyewe, inajibu kitu. Kila tezi ina mtaa wake inaoulinda, na ukijua mtaa unajua pa kutafuta:

Kisogoni na nyuma ya sikio: ngozi ya kichwa. Mapunye, chawa, majipu ya kichwani, vidonda vya kusukwa nywele kwa kuvutwa sana. Virusi vya rubela na vya ile homa ya siku tatu inayofuatiwa na vipele navyo hupenda kuvimbisha tezi za hapo.

Chini ya taya na chini ya kidevu: mdomo, meno, fizi, koo. Fungua mdomo, vuta mdomo wa juu, angalia meno ya mbele. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa au juisi huoza meno ya mbele ya juu kabla hajafika miaka miwili, na mzazi haoni kwa sababu mdomo wa juu unafunika.

Pembeni mwa shingo, mbele ya msuli mkubwa: koo, mafindofindo, masikio.

Kwapani: mkono, vidole, bega, kifua. Hapa pia ndipo chanjo ya kifua kikuu inapojionyesha.

Kinenani: miguu, makalio, sehemu za siri. Funza, upele, vidonda vya nepi, kuumwa na wadudu, mwiba uliosahauliwa kwenye unyayo.

Kwa hiyo kabla hujauliza "hii tezi ni ya nini", mvue nguo zote, msimamishe kwenye mwanga wa dirisha, kagua kuanzia utosini hadi katikati ya vidole vya miguu. Ukikuta kidonda mtaa uleule, umeshapata jibu mara nyingi. Tibu kidonda, tezi itajifuata.

Namna ya kupapasa. Mpakate mtoto mgongo wake ukiwa kifuani kwako, kidevu chake kiinamishwe kidogo ili misuli ilegee. Tumia matumbo ya vidole vitatu, si ncha, si kucha. Zungusha taratibu bila kubonyeza kwa nguvu: kisogo, nyuma ya masikio, mbele ya masikio, chini ya taya, kidevu, pembeni mwa shingo kushuka hadi mtulinga. Papasa pande zote mbili kwa wakati mmoja ili ulinganishe. Uliza vitu vitano: ni laini au ngumu, inateleza au imeganda, inauma au haiumi, ngozi ya juu ni ya kawaida au nyekundu na moto, iko moja au zimeshikamana kama mkungu.

Kupima: weka alama ndogo ya kalamu kwenye kila ukingo, kisha rula katikati ya alama. Andika tarehe, upande, milimita. Piga picha rula ikiwa pale. Kisha iache. Pima tena baada ya wiki. Tezi inayominywa asubuhi, mchana na jioni na mama, bibi na jirani haitapungua, inachokozwa.

Muda. Tezi ya mafua au koo huvimba haraka ndani ya siku chache, halafu hushuka polepole. Wiki mbili mpaka nne, na wakati mwingine hubaki kitezi kidogo kwa miezi. Hiyo si dalili mbaya ikiwa inaelekea chini na mtoto anacheza, anakula, uzito unapanda. Kinachonitia wasiwasi ni inayopanda kwa wiki mbili mfululizo, au isiyoshuka kabisa kufikia wiki ya nne hadi ya sita, au iliyovuka sentimita 2.

Leo hii, si kesho: mtoto anadondosha mate kuliko kawaida na hawezi kumeza, hawezi kufungua mdomo, shingo imepinda upande na anakataa kuigeuza, anakoroma au anapumua kwa shida akiwa macho, amelegea, amepata degedege, hawezi kunyonya wala kunywa. Uvimbe wa ndani nyuma ya koo huja hivihivi, na nje unaona tezi tu. Huyo hapelekwi duka la dawa.

Ndani ya siku chache: tezi ngumu kama jiwe dogo, haisogei, haiumi, tezi sehemu nyingi za mwili kwa pamoja, mtoto amepauka viganja na ndani ya kope, michubuko au vidoto vyekundu visivyofifia ukivibonyeza, tumbo limejaa upande wa ini au bandama, anakonda, analoa jasho usiku, anakataa kutembea kwa maumivu ya mifupa. Na homa ya siku tano au zaidi pamoja na macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, vipele, viganja na nyayo zilizovimba, na tezi upande mmoja wa shingo: utajie daktari ugonjwa wa Kawasaki. Ni nadra, lakini dawa yake hufanya kazi vizuri ikitolewa ndani ya siku 10 za kwanza za homa, na ugonjwa wenyewe unaweza kuharibu mishipa ya moyo.

---

MfamasiaKona

Uzi mzuri. Naongeza upande wa dawa maana huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Parasetamoli ni kwa maumivu na homa, haipunguzi tezi. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja, kila baada ya saa 6, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anapata ml 5, wa kilo 12 anapata ml 7.5. Lakini soma chupa. Ipo ya 250 katika ml 5, na yapo matone yenye miligramu 100 katika mililita moja tu. Mtu akimpa matone hayo kwa kipimo cha sirapu, amempa mara nne na zaidi ya kinachotakiwa.

Tumia sirinji ya mdomo ya ml 5 au 10, ni bei ndogo. Vijiko vya nyumbani havilingani. Na ukishampa parasetamoli usimwongezee sirapu ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Sirapu hizo zenyewe hazina kazi kwa mtoto wa umri huu.

Ibuprofeni inakubalika, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila saa 6 hadi 8, baada ya kula. Usiitoe kama mtoto anaharisha au anatapika na amekaukiwa maji, kama ana tetekuwanga, au kama kuna dengi mtaani. Aspirini hapana kabisa.

Halafu hili niliseme kwa herufi nzito: usikubali predinisoloni wala deksamethasoni kwa tezi ambayo haijajulikana ni ya nini. Zinauzwa kama "dawa ya kupunguza uvimbe". Kweli tezi itanywea na kila mtu atafurahi. Kama ilikuwa saratani ya damu au ya tezi, umeificha, vipimo vitakavyofuata vitachanganya, na matibabu yanaweza kuwa magumu zaidi. Kama ilikuwa TB, umeishushia kinga ya mtoto.

---

Mama_Pacha

Asante mleta uzi. Na ile ya upande mmoja chini ya taya, inakua kwa siku mbili, nyekundu, moto, mtoto hataki iguswe, ana homa? Hiyo nayo ni ya kusubiri?

---

TabibuWaWodi

Hapana, hiyo imeshaingiliwa na bakteria. Ni ya umri huuhuu hasa, na wahusika wakuu ni stafilokokasi na streptokokasi kutoka kwenye ngozi, pua au koo. Aende akaonwe ndani ya siku hiyo au inayofuata, apimwe na malaria kwa sababu ya homa (kipimo cha haraka ni dakika 15 hadi 20), apewe antibayotiki inayogusa wote wawili.

Ndiyo maana "mpe amoksi" huwa haifanyi kazi hapa. Stafilokokasi nyingi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini peke yake. Zinazotumika ni kloksasilini au flukloksasilini, sefaleksini, au amoksilini yenye klavulaneti. Kwa kawaida siku 10. Kipimo anapiga aliyemwona mtoto na kumpima uzito, sitakiandika hapa.

Tarajia hivi: homa na maumivu vianze kushuka ndani ya saa 48 hadi 72. Uvimbe wenyewe huchelewa, usiogope kwa hilo. Lakini zikipita siku tatu homa ipo palepale, au ukigusa katikati unahisi majimaji yanayocheza, rudi. Hapo kuna usaha, na usaha hauondoki kwa dawa ya kunywa. Unavutwa kwa sindano au kupasuliwa kidogo, mahali penye ganzi na vifaa safi, na usaha upelekwe kuoteshwa maabara. Usimruhusu mtu autoboe kwa wembe nyumbani. Eneo la chini ya taya linapitiwa na mshipa wa fahamu unaosogeza kona ya mdomo. Ukikatwa, mtoto atacheka upande mmoja.

---

MfamasiaKona

Kuongezea hapo kwa tabibu. Nyingi ya dawa hizo kwa watoto huja kama unga. Gonga chupa kwanza unga ulegee, weka maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka nusu ya alama, tikisa, subiri povu litulie, malizia mpaka kwenye mshale. Watu wengi hujaza mara moja, povu linawadanganya, dawa inakuwa nzito kuliko kipimo.

Amoksilini-klavulaneti ikishachanganywa inakaa siku 7 kwenye friji. Dozi ikiwa siku 10, unahitaji chupa mbili, na ya pili usiichanganye mpaka ya kwanza iishe. Kama nyumbani hakuna friji, mwambie anayeandika dawa kabla hajaandika, atachagua nyingine au vidonge vya kuyeyusha. Angalia pia namba: ipo ya 228 na ya 457 katika ml 5, maboksi yanafanana na moja ni mara mbili ya nyingine. Mpe anapoanza kula, atapata kuhara kidogo, kwa kawaida si sababu ya kuacha. Kloksasilini ni kinyume chake, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula. Ni chungu, na mtoto huitema. Isukume kwa sirinji upande wa ndani ya shavu, kidogo kidogo, si katikati ya ulimi.

Akitoka mabaka ya kuwasha, midomo ikavimba au akakoroma baada ya dozi, acha na ukimbie hospitali.

---

Kijana wa Pwani

Kukanda je? Wazee wanakanda kwa chumvi ya moto kwenye kitambaa, wengine wanachanja juu ya mtoki na kupaka dawa. Kuna faida yoyote?

---

NesiKliniki

Kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu, kikakamuliwa, kikawekwa dakika 10 mara tatu kwa siku, kinampunguzia maumivu mtoto mwenye tezi inayouma. Jaribu maji kwa ndani ya kifundo cha mkono wako kwanza. Weka tu, usisugue. Chumvi ya moto haina kinachoongeza zaidi ya kuunguza. Ngozi ya mtoto wa mwaka mmoja inaungua kwa joto ambalo kiganja cha mtu mzima hakilioni.

Kuchanja ni hasara tupu. Unafungua mlango wa bakteria wapya juu ya tezi ambayo tayari inapambana, wembe wenyewe umechanja wangapi haijulikani, na kama tezi ni ya TB kidonda hakifungi kwa miezi. Hali kadhalika kukata kimeo na kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki: baada ya hapo tezi za shingo huvimba *zaidi*, kwa sababu sasa kuna kidonda mdomoni.

Na tusiyasingizie meno. Meno kuota humfanya mtoto atoe mate na awe msumbufu, hayamletei tezi ya sentimita 3.

Sasa kwapa. Tanzania chanjo ya kifua kikuu, BCG, inachomwa bega la kulia mtoto anapozaliwa. Kwa baadhi ya watoto tezi ya kwapa la kulia huvimba wiki au miezi baadaye, mara chache upande uleule wa shingo karibu na mtulinga. Nyingi huanza mtoto hajatimiza mwaka, lakini huweza kuonekana mpaka miaka miwili. Haiumi, haina homa, mtoto ananenepa tu. Hiyo huachwa. Antibayotiki haiisaidii, dawa za TB kwa kawaida hazihitajiki, na itanywea yenyewe kwa miezi kadhaa. Ikilainika na kutaka kupasuka, huvutwa kwa sindano. Haikatwi kwa kisu, maana inaacha mfereji unaotoa majimaji muda mrefu.

Isipokuwa mtoto mwenye VVU au anayeugua kila mara. Huyo chanjo yenyewe inaweza kusambaa mwilini, na ni wa rufaa.

---

DaktariWaKaunti

Nyongeza kutoka Kenya: huku BCG hudungwa mkono wa kushoto, sehemu ya chini ya kiwiko. Kwa hivyo angalia kwapa la kushoto, na pia ndani ya kiwiko cha kushoto. Familia zilizohama kati ya nchi hizi mbili huchanganya madaktari wasiouliza mtoto alizaliwa wapi. Tafuta kovu kwanza, ndipo useme tezi ni ya chanjo. Kovu likiwa kulia na tezi iko kushoto, usiisingizie BCG.

Na iliyo juu ya mtulinga, hata ikiwa upande wa chanjo, mimi siiachi bila picha ya kifua.

---

MaabaraKwanza

Niingie kwenye TB ya tezi, kwa sababu ndiyo inayopotea katikati ya kozi tatu za antibayotiki.

Sura yake: shingoni mara nyingi, haiumi, haina joto, inakua polepole kwa wiki zaidi ya nne, inavuka sentimita 2, tezi zinashikamana. Baadaye ngozi ya juu inageuka rangi, inalainika, inapasuka na kutoa usaha mwembamba usiokoma. Mtoto anaweza asikohoe hata kidogo. Swali linalofungua kila kitu ni hili: *nani nyumbani, au nyumba anayoshinda, anakohoa zaidi ya wiki mbili au alianza dawa za TB mwaka huu?* Usisahau dada wa kazi na jirani anayembeba.

Kipimo kizuri ni kuvuta chembe kwenye tezi kwa sindano nyembamba. Mtoto anashikwa, ngozi inasafishwa, sindano inaingia sekunde chache. Hakikisha sampuli inagawanywa: sehemu kwenye kioo kwa darubini, sehemu kwenye GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa TB, ambayo huchukua takriban saa mbili na huonyesha pia kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi. Kosa la kawaida: sampuli yote inapakwa kwenye kioo au kutiwa fomalini (dawa ya kuhifadhia vinyama), halafu mtu anataka GeneXpert na hakuna kilichobaki. Fomu iandikwe "TB" tangu mwanzo.

Mtoto wa umri huu hawezi kutoa makohozi, kwa hiyo choo chake nacho hupimwa kwa GeneXpert. Kipimo kikisema hakuna, hakijafuta TB kwa mtoto. Bakteria wake ni wachache. Daktari anajumlisha tezi, uzito, mgusano na mgonjwa wa TB, picha ya kifua na kipimo cha ngozi cha TB, kile kinachosomwa baada ya saa 48 hadi 72. Usichelewe siku ya kusoma, ukichelewa uvimbe unashuka na namba inakosa maana.

Picha nzima ya damu mnayoitaka kila mara ina kazi yake, ila si hiyo mnayodhani. Haitasema tezi ni ya nini. Itasema kama damu imepungua, kama chembe sahani (zinazogandisha damu) zimeshuka, kama kuna seli changa ambazo hazipaswi kuwa nje ya uboho. Kwa tezi ya mafua ya wiki moja, hifadhi hela yako.

---

NesiKliniki

Kwenye TB niseme ya vitendo maana wazazi wanakata tamaa mapema. Dawa ni bure, Tanzania na Kenya. Za watoto ni vidonge vya kuyeyusha vyenye ladha ya matunda: kilo 4 hadi 7 kidonge 1 kwa siku, 8 hadi 11 vidonge 2, 12 hadi 15 vidonge 3. Unayeyusha kwenye ml 50 za maji, anywe zote ndani ya dakika 10, kisha unasuuza kikombe kwa maji kidogo anywe na hayo. Etambutoli, dawa nyingine ya TB, huongezwa kando pale mwongozo unapotaka. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, hata machozi. Si damu.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali miezi 4 badala ya 6 kwa watoto wenye TB isiyo kali, na TB ya tezi za nje imo. Kliniki yako itakuambia uko kwenye mpango upi.

Jambo linalowatoa watu kwenye dawa: katika wiki au miezi ya mwanzo tezi inaweza kuongezeka, au ikachomoza mpya. Mara nyingi ni kinga ya mtoto inaamka, si dawa kushindwa. Rudi uonwe, lakini usikatishe. Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB, hata asipokuwa na tezi, apimwe na apewe dawa za kuzuia.

Kipimo cha VVU nacho ni sehemu ya uchunguzi wa tezi za sehemu nyingi, kisichukuliwe kama tusi. Chini ya miezi 18 kile cha haraka kinaweza kuonyesha kinga iliyotoka kwa mama tu, kwa hiyo huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba vya kirusi. Kachukue na kadi ya kliniki. Mstari wa uzito uliolala miezi miwili mitatu unanieleza zaidi kuliko tezi yenyewe.

---

Mama_Pacha

Na saratani? Ndiyo inayotunyima usingizi, tuseme ukweli.

---

TabibuWaWodi

Ni chanzo cha nadra kwa tezi za umri huu, ndiyo maana nimeitenga kwenye dalili za "ndani ya siku chache". Ukanda wetu una ya kwetu, limfoma ya Burkitt (saratani ya tezi), ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Huvamia zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, chini ya miaka miwili ni adimu. Huanzia mara nyingi kwenye taya au tumboni: shavu linavimba, meno yanalegea bila kuoza, na uvimbe unakua kwa kasi, unauona tofauti wiki hadi wiki. Mtoto wa miaka 3 mwenye jino linalocheza na fizi iliyojaa asipelekwe kung'olewa jino tu. Inatibika vizuri kwa dawa za mishipani ikiwahiwa. Tezi isiyoeleweka yenye dalili mbaya hukatwa kipande, au hutolewa nzima, na kupelekwa kwa mtaalamu wa tishu. Kinyama hicho ndicho jibu, si ultrasaundi.

---

DaktariWaKaunti

Tusisahau uvimbe ambao si tezi kabisa. Matumbwitumbwi hufuta ile kona ya taya, ukipitisha kidole huioni pembe ya mfupa, na sikio husukumwa nje. Tezi huwa chini ya pembe hiyo. Uvimbe wa katikati kabisa ya shingo unaopanda mtoto anapomeza au kutoa ulimi ni kifuko cha kuzaliwa nacho. Uvimbe laini kama mfuko wa maji, mwanga wa tochi ukipenya, nao ni wa kuzaliwa.

Kinenani, uvimbe unaotokea akilia na kurudi akilala ni ngiri. Ngiri iliyogoma kurudi, ngumu, mtoto anatapika na kulia bila kunyamaza: upasuaji usiku huohuo. Hakuna kukanda, hakuna kumpa chakula njiani.

---

Kijana wa Pwani

Swali la mwisho kwangu. Tezi mbili tatu za kisogoni, mtoto ana mapunye, amepakwa krimu muda mrefu na tezi hazitoki. Tatizo ni tezi au krimu?

---

MfamasiaKona

Krimu. Fangasi wa kichwani wamo ndani ya shina la unywele, krimu inaishia kwenye ngozi. Anahitaji dawa ya kunywa, griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kipimo kwa uzito. Ipe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, bila mafuta hainyonywi vizuri. Daktari akiandika vidonge, saga kipimo chake kwenye uji wa maziwa kidogo atakaoumaliza, si bakuli zima.

Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, iache dakika 5 kabla ya kusuuza. Inapunguza kuambukiza, haiponyi peke yake. Kagua vichwa vya ndugu zake wote siku hiyohiyo. Mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti au mje na yenu. Kofia, mto na kitana visishirikiwe. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto.

Ikiwa sehemu imevimba, laini, inatoa usaha na nywele zinang'oka bila kuvuta, usiikamue na usikubali ipasuliwe kama jipu. Ni fangasi haohao, kinga ya mtoto imekasirika. Kovu la kupasuliwa halioti nywele tena. Tezi za kisogo zitaanza kushuka dawa ikishashika, na zinaweza kubaki zinapapasika hata baada ya nywele kurudi.